Fundi Anajibu: Seva imeanguka, dampu iko wapi?

SWALI: Fundi, pole na kazi. Seva yetu ya hifadhi, inayotumia mfumo endeshi wa FreeBSD, ilianguka usiku, skrini ikajaa maandishi, kisha ikajiwasha yenyewe. Waliotuuzia wanadai dampu ya memori, yaani nakala ya yaliyokuwa kwenye memori ilipoanguka. Nimepekua folda zote sijaiona. Hivi mashine iliyokwisha kufa inaandikaje kitu?

JIBU: Mdogo wangu, haijafa kabisa, imepoteza imani na nafsi yake. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikigundua hesabu zake zimevurugika, haithubutu kugusa mfumo wa faili, maana ikiandika kwa ramani iliyoharibika itakula na data za watu. Badala yake inamwaga memori moja kwa moja kwenye eneo la diski lililotengwa mapema, kwa kawaida patisheni ya swapu, kile kipande cha diski kinachoisaidia memori ikijaa. Pale hakuna folda wala jina la faili, ndiyo maana umepekua bure.

Kuipa jina ni kazi ya baadaye. Mashine ikishawaka, programu ya savecore inachungulia lile eneo, ikikuta dampu inainakili ndani ya /var/crash kwa jina vmcore.0, ya pili vmcore.1, na kuendelea. Kama hapo hamna kitu, tazama kwanza nafasi. Savecore huheshimu faili iitwayo minfree: nafasi ikipungua kuliko kiwango kilichoandikwa humo, haihifadhi. Futa usivyovihitaji, kisha andika savecore -C, itakuambia kama dampu bado imelala kwenye diski. Fanya leo. Swapu ikianza kutumika sana, itaandika juu yake. Ukiambiwa hakuna, fungua /etc/rc.conf usome mstari wa dumpdev. Ukikuta NO, basi hakuna kilichoandikwa tangu mwanzo.

(Wa Linux msinitumie barua: kwenu kdump, chombo cha kuhifadhi dampu, huamsha kerneli ya pili, iliyokuwa ikisubiri kwenye kipande chake cha memori, nayo ndiyo huandika ya marehemu.)

Swali hili limenikumbusha kosa langu. Seva ilikuwa ikimwaga memori, asilimia zikipanda moja moja, zikafika 60 zikasimama. Watumiaji wanapiga simu, mkubwa wangu amesimama mgongoni. Nikadhani imeganda, nikazima umeme. Dampu ikakatika katikati, chanzo hatukukijua, na wiki ya tatu ikaanguka vilevile. Safari hiyo nilitoka nikasimama koridoni, nisiione hata swichi. Ilisimama tena pale pale kwenye 60, kisha ikaendelea hadi mwisho.

Ukiipata, usiirushe kwa barua pepe. Ndani yake mna yaliyokuwa kwenye memori dakika ile, hata nywila na funguo za siri zaweza kuwemo. Ifunge kwa usimbaji kwanza, na nywila ya kuifungulia uwatajie kwa simu.