Wanataka Kung'oa Mabati Yenye Mchoro Wangu

SWALI

Mzee, salaam nyingi. Nina miaka 24, nakaa Kayole, kazi yangu ni grafiti. Mwaka jana nilichora uso wa mama mboga wetu kwenye mabati ya kibanda chake, ubavu mzima, kwa rangi ya kupuliza. Siku hizi watu wakipanga kuonana husema, "Tupatane kwa Mama wa Mabati." Sasa mwenye nyumba moja ya sanaa amekuja mara mbili. Anataka kuyang'oa mabati hayo manne ayatundike kwenye maonyesho, na mama awekewe mapya. Pesa anazotaja sijawahi kuzishika. Wenzangu wanasema nikikubali nitakuwa nimeuza mtaa. Nilienda kuyaona maonyesho yake, nikakuta grafiti imepangwa chini ya taa nyeupe, nikatoka bila kujua kama nimefurahi au nimeudhika. Nifanyeje?

Mchoraji, Kayole

JIBU

Kijana wangu, huko kutoka bila kujua kama umefurahi, hata mimi yalinipata.

Miaka ya tisini nilikuwa nachora matatu katika gereji moja Kariobangi. Kuna gari la Buruburu lililonichukua siku tisa, na mlango wake peke yake siku mbili. Halafu Februari 2004 zikaanza kutumika kanuni za waziri John Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano kuzunguka gari. Mwenye gari akalirudisha kwangu, akanipa rangi nyeupe nifute kwa mkono wangu mwenyewe. Nilianza na upande wa dereva, kwa kuwa ule wa mlango ndio niliokuwa naupenda. Nililipwa, nikanunua unga.

Miaka mingi baadaye nikaalikwa kwenye maonyesho mjini. Ukutani palitundikwa mlango wa matatu, grafiti yake nzima, haina kutu. Haikuwa kazi yangu, lakini nilitambua kuwa ni ya mtu wa rika langu kwa jinsi alivyozimaliza herufi. Koo lilinikaba kwa furaha: kumbe kuna mmoja uliopona! Nikainua kiganja niupige mara mbili, kama makanga anavyomwambia dereva aondoe gari. Mlinzi akanizuia. Nikasoma kadi iliyokuwa kando yake. Bei ilikuwepo, jina la mchoraji halikuwepo.

Kwa hiyo sitakwambia nyumba za sanaa ni mbaya. Bila mtu aliyeutunza, mlango ule ungeishia kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Lakini mabati ya mama usikubali yang'olewe hivi hivi.

Fikiria mwaka 2012, mwanaharakati Boniface Mwangi na wenzake walipowachora wanasiasa kama tumbusi kwenye kuta za katikati ya Nairobi. Watu waliokuwa wakienda kazini walisimama, wakabishana. Mchoro ule ungetundikwa ndani, ungeonwa na wale tu wenye nafasi ya kwenda kwenye maonyesho. Mchoro wako nao umekwisha kuwa mahali. Watu wanakutania pale. Ukiyapeleka mabati chini ya taa nyeupe, unapeleka rangi tu.

London yalishatokea. Februari 2013, mchoro wa Banksy, mchoraji wa kuta wa Uingereza anayeficha jina lake, wa mtoto anayeshona bendera ndogo za Uingereza kwa cherehani ulikatwa kutoka ukuta wa duka Wood Green, ukajitokeza kwenye mnada Miami. Wakazi wakapiga kelele, ukaondolewa mnadani, lakini miezi michache baadaye ukauzwa London kwenyewe. Na Machi 2016, michoro ya barabarani ilipobanduliwa kutoka kuta za Bologna na kuingizwa kwenye maonyesho ya tiketi, mchoraji wa Italia anayejiita Blu alizipaka rangi ya kijivu kazi zake zote za takriban miaka 20 mjini humo. Habari hiyo iliniumiza, maana najua uzito wa kufuta. Hata hivyo nilimwelewa.

Sasa kuna jambo hukuniandikia: mama mwenyewe anasemaje? Uso ni wake, na mabati ni yake. Nenda jioni akifunga, wateja wakishapungua, mkae mzungumze. Akisema anataka kuyauza, hiyo ni haki yake, ila asilipwe mabati mapya wakati wengine wanagawana pesa. Yeye naye awe na fungu lake, na liandikwe.

Akikataa, mwambie yule mwenye nyumba ya sanaa utamchorea kazi mpya. Kama anapenda mabati, nunua mabati yako. Kufanya hivyo si kuuza mtaa. Mchoraji wa Marekani Jean-Michel Basquiat alianza kwa kuandika SAMO, jina lao la kubuni yeye na rafiki yake Al Diaz, kwenye kuta za Manhattan, New York, kisha akaingia kwenye kanvasi, na nguvu yake haikupotea. Ila mchoro wake mmoja wa mwaka 1982 uliuzwa dola milioni 110.5 mwaka 2017, na yeye alikuwa amefariki tangu 1988. Kwa hiyo soma mkataba kabla ya kutia sahihi. Nyumba nyingi za sanaa huchukua kati ya asilimia 30 na 50 ya bei. Uliza atachukua ngapi, atakulipa lini, na kazi isiyouzwa itarudi kwako kwa gari la nani. Jina lako liwe kwenye kadi, na Kayole iandikwe chini yake.

Wenzako waalike siku ya ufunguzi, na Jumapili inayofuata urudi nao ukutani na mikebe yako kama kawaida.

Mama naye aje siku hiyo ya ufunguzi. Umwambie mlinzi mapema kwamba huyu anaruhusiwa kugusa.