Maswali ya Wasomaji: Duka la Babu Libomolewe?

SWALI: Mhariri, marehemu babu alituachia jengo la zamani katika Main Street, hapa Jinja, alilolinunua baada ya mali za Waasia kurudishiwa wenyewe. Lina maduka mawili mbele, baraza, vyumba na ua nyuma, na juu ya mlango umechongwa mwaka 1924. Ndugu zangu wanataka tulibomoe tujenge ghorofa nne za kupangisha. Mimi nasita. Je, laweza kutuingizia kodi likiwa lilivyo? – Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu msomaji, laweza, kwa kuwa majengo ya aina hiyo tangu mwanzo yalibeba kazi mbili: biashara mbele, familia nyuma. Kulipatia jengo lenu kazi ya tatu si kulivunjia heshima. Kule Kampala, ukumbi wa sinema wa Norman uligeuzwa kanisa katika miaka ya 1980, na hapo hapo Jinja stesheni ya zamani ya reli ina makumbusho tangu 2022.

Hata hivyo, msianze na wapangaji. Anzeni na paa, kisha kuta. Kuta nyingi za enzi hizo zilipigwa lipu ya chokaa, ambayo huuacha unyevu utoke. Fundi akiifunika kwa saruji, maji yanayopanda kutoka kwenye msingi hukosa njia, na baada ya misimu michache ya mvua lipu hubanduka na tofali lenyewe huanza kumeguka. Mafundi watakuambia kwamba saruji ni imara zaidi (nami niliwahi kuwaamini), lakini mtafuteni anayejua kuchanganya chokaa.

Maduka ya mbele yabaki maduka, na milango yake ya mbao itengenezwe badala ya kung'olewa. Vyumba vya nyuma vyafaa kuwa nyumba ya wageni au ofisi, ilimradi vyoo na jiko vijengwe upya uani, ili kuta za zamani zisitobolewe kwa ajili ya mabomba. Ndugu zako wakishikilia ghorofa, basi iwe mwisho wa ua, na mhandisi aipime kwanza.

Ulizeni pia kama jengo linalindwa na Sheria ya Makumbusho na Minara ya Kumbukumbu ya 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1967. Kibali cha mipango miji mtakihitaji kwa vyovyote.

Katika kikao cha familia, weka mezani makadirio mawili, na katika lile la kubomoa uhesabu miezi yote ambayo hamtapokea kodi, ilhali ukarabati waweza kuanzia nyuma huku maduka ya mbele yakiendelea kulipa.