Bunduki ya upepo: anza na pampu kabla ya kulaumu risasi

Mjomba aliniachia bunduki ya upepo ya milimita 4.5, ile ya kupampu kwa mkono, pamoja na michungwa yake Muheza. Miezi mitatu ya mwanzo ilinitesa. Nikipiga risasi tano kwenye karatasi moja, hatua 20 tu, matundu yanakaa kama yamepigwa na watu watano. Nikabadili risasi, nikakaza skrubu zote, nikasogeza kilengeo cha nyuma mpaka nikachoka.

Aliyenifumbua macho ni fundi baiskeli wa Ngamiani, na wala hajawahi kushika bunduki. Alikuwa anajaza tairi langu: anavuta mpini wa pampu mpaka mwisho, anatulia kidogo, ndipo anasukuma. Nikamwuliza mbona polepole hivyo. "Mdogo wangu, ukivuta nusu unajaza nusu."

Nilikuwa nafanya kosa hilohilo. Kwa haraka zangu sikuwa nafungua mkono wa pampu mpaka mwisho, kwa hiyo pigo moja lilibeba upepo mwingi, jingine kidogo. Upepo ukipungua, risasi inakwenda taratibu na inatua chini ya pale ulipolenga. Siku hizi nafungua mpaka mkono ugome, natulia, nafunga. Mapigo sita, kila mara, nahesabu kwa sauti hata kama kuna mtu ananisemesha. Hesabu ikipotea, nafyatua kwenye kiroba cha mchanga nilichokiweka nyuma ya shabaha, naanza upya. Ukiongeza mapigo risasi itakwenda kasi zaidi, lakini na mikono itatetemeka zaidi. Kikomo kilichoandikwa kwenye kijitabu cha bunduki yako usikivuke kabisa.

Halafu kuna joto. Gusa chini ya pampu ya baiskeli ukishajaza tairi, utalisikia. Upepo uliobanwa hupata moto, na ukipoa nguvu yake hushuka. Basi usipampu, ukaenda kunywa maji, ndipo urudi kulenga. Mimi nikimaliza pigo la sita naweka risasi, nashusha pumzi mara tatu, nafyatua.

Wengine hushika darubini ya kulengea iliyofungwa juu ya bunduki wakati wa kupampu, wapate pa kujiegemeza. Acheni, ndugu zangu. Inasogea kidogo kidogo, na kesho mtaanza kutafuta mchawi.

Risasi nazo zichague. Sketi yake, ile sehemu ya nyuma iliyo wazi, ikibonyea, itakwenda inakotaka. Nazimwaga kwenye kitambaa, zilizopinda naziweka kando, na nikimaliza nanawa mikono kwa sabuni kwa sababu ni madini ya risasi, ni sumu. Kwa karatasi ya karibu napenda zenye kichwa bapa. Zinatoboa tundu safi. Upepo wa kusi ukishika kasi mchana, mimi huacha. Asubuhi ndiyo saa yangu.

Kibali uliza polisi kabla hujanunua.

Pwani yetu ina chumvi hewani, hata ndani ya nyumba. Futa mtutu kwa kitambaa chenye mafuta kila ukimaliza. Ukiihifadhi, hakikisha haina risasi, iache na pigo moja la upepo ili vali ibaki imefunga, kisha ifungie mahali ambapo watoto hawafiki.