Kabla hujakata negativu, hesabu matundu

Picha niliyoiharibu ilikuwa ya pantoni, kivuko cha Kigamboni. Alfajiri, Magogoni, watu wamebanana na baiskeli zao, taa za Kigamboni zinametameta ng'ambo. Mkanda wa filamu wa 35mm niliusafisha mwenyewe bafuni kwangu Sinza, ukatoka safi kabisa. Kisha nikashika mkasi niukate vipande vya kuhifadhi, nikakisia mpaka wa picha na picha uko wapi, nikapasua pantoni vipande viwili.

Kosa halikuwa la mkasi. Kwenye negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, giza huonekana kama plastiki tupu, na nafasi iliyo kati ya picha na picha nayo ni plastiki tupu. Kwa hiyo picha za usiku na za alfajiri hazina ukingo unaoonekana. Utakodoa macho mpaka yatoe machozi.

Mzee mmoja aliyewahi kuwa na studio Kariakoo ndiye aliyenitoa ushamba. "Mwanangu, we matundu ya pembeni unadhani ni mapambo?" Kwenye 35mm, kila picha inachukua matundu 8. Picha yenyewe ina urefu wa milimita 36, nafasi ni kama milimita 2, jumla 38. Tafuta picha moja ya mchana yenye mpaka unaoonekana wazi, anzia hapo, hesabu matundu 8 kwa kila picha hadi ufike gizani. Kipande cha picha sita ni matundu 48. Tangu siku hiyo nahesabu hata pale ninapoona mpaka vizuri.

Usidanganywe na namba zilizoandikwa pembeni mwa mkanda. Zimechapwa kiwandani, na picha yako itaangukia popote kulingana na ulivyoupachika mkanda kwenye kamera. Na kama kamera yako ni kuukuu, inayovuta mkanda kwa kusuasua, hata hesabu ya matundu itayumba. Hapo kagua kila mpaka mmoja mmoja, na picha mbili zikipandana ziache pamoja.

Mwanga wa kukagulia si lazima ununue kitu. Simu yenye skrini nyeupe, mwanga juu kabisa, inatosha. Ila usiulaze mkanda juu ya kioo cha simu, unakwaruzika. Ushike juu yake kidogo.

Mkasi uwe mkali, wenye makali marefu kuliko upana wa mkanda, ili ukate mara moja tu. Mkasi wa fundi cherehani ni mkubwa mno, unaziba kile unachotaka kukiona. Mashine ya kukatia picha za pasipoti ndiyo siitaki kabisa: ubao wake una vumbi, na mkono wake unashuka palepale penye mpaka, unauziba. Wembe na rula? Mkanda unateleza, nawe una vidole kumi tu. Vipo vikataji vidogo vya filamu, vyenye taa chini na kipini kinachoingia kwenye tundu. Nilitumia cha kuazima, nikakipenda, lakini kwa mikanda miwili kwa mwezi sioni sababu ya kununua.

Sasa unyevu, maana Dar es Salaam ni jiji la pwani. Wakati wa masika mkanda unaweza kuonekana mkavu kumbe upande usiong'aa bado ni laini, na alama ya kidole ikishaingia hapo haitoki. Mimi nauning'iniza usiku kucha bafuni, kibanio cha nguo chini ili usijikunje, mlango umefungwa, feni imezimwa. Feni inakausha haraka, lakini inakupulizia vumbi la mtaa mzima. Glavu za pamba nilizijaribu nikaziacha, mikono inatoa jasho. Naosha mikono bila kupaka mafuta, nashika kingo tu.

Mkanda wa picha 36 ukikatwa sita sita unatoa vipande sita sawasawa. Mara nyingi utapata ya 37. Usiikate ikabaki peke yake, skana haina pa kuishika. Kata vipande vitano vya sita, halafu kimoja cha nne na kimoja cha tatu.

Pantoni langu bado ninalo kwenye karatasi ya kuhifadhia, nusu kwenye safu ya pili, nusu kwenye ya tatu.