Jeshi la akiba na mafao ya VA: nionyesheni amri, si picha za gwaride

Barua za safari hii ni zile zile. Mtu ananitajia miaka aliyovaa gwanda Marekani, anaambatanisha picha tatu za gwaride, kisha anauliza ana haki gani kule VA, idara ya maveterani ya Marekani. Sasa nijibu nini? Semeni mliitwa kwa amri gani, kwa siku ngapi, na mliachishwa kwa hadhi gani. Hayo matatu ndiyo VA inayoyatazama.

Afande, nimemaliza miaka sita ya jeshi la akiba: wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kila mwaka. Sijawahi kupelekwa popote. Mimi ni veterani? (Minnesota)

Kwa sheria ya mafao, hapana. Sheria inataka utumishi kamili, yaani kuwa kazini jeshini muda wote, na drili (zile wikendi) pamoja na mafunzo ya mwaka havimo, isipokuwa kama uliumia humo. Hata ile DD-214, karatasi ya kumaliza utumishi, uliyopewa baada ya mafunzo ya awali haibadilishi kitu. Wengi wanaiona ile karatasi wanadhani mambo yamekwisha.

Lakini hukutoka mikono mitupu. Miaka sita ya akiba, ukiwa umeagwa kwa heshima, inakupa haki ya mkopo wa nyumba wa VA, na tangu 2020 mtu wa akiba anatozwa ada ile ile anayotozwa mwenzake wa utumishi kamili. Omba cheti cha kustahili kutoka VA yenyewe. Dalali wa nyumba akikwambia mkopo huo ni wa waliokwenda Iraq tu, badilisha dalali.

Mwaka 2017 niliteguka goti kwenye drili ya Jumamosi. Sikuripoti kwa sababu sajini alisema tutaonekana walegevu. Leo kupanda ngazi ni shida. Nimechelewa? (Texas)

Hujachelewa, ila umejipa kazi kubwa. Na huyo sajini ningependa aisome safu hii.

Sikiliza vizuri. Jeraha la drili ya wikendi linahesabika. Ugonjwa ulioanza wikendi hiyo hauhesabiki, isipokuwa shambulio la moyo, moyo kusimama, au kiharusi. Kwenye zile wiki mbili za mafunzo sheria ni pana zaidi: jeraha na ugonjwa vyote vinaingia. Ndiyo maana tarehe ni muhimu kuliko simulizi. Na usitegemee zile nafuu ambazo veterani wa utumishi kamili anapewa, kwamba maradhi fulani yanadhaniwa tu kuwa yalitokana na jeshi. Kwa kipindi cha mafunzo, ushahidi unauleta wewe.

Ushahidi wenyewe ni mambo matatu: daktari wa leo aseme goti lina nini, kuwe na kitu kinachoonyesha lililotokea siku ile, na daktari aunganishe hayo mawili kwa maandishi. Kilichotakiwa 2017 ni karatasi ya LOD, inayothibitisha kwamba uliumia ukiwa kazini. Huna. Basi tafuta taarifa ya pointi zako, yaani rekodi ya mahudhurio yako ya akiba, ionyeshe ulikuwepo drili Jumamosi hiyo, karatasi ya kliniki uliyokwenda Jumatatu kama ulikwenda, na wenzako wawili waliokuona ukichechemea waandike kwenye fomu ya mashahidi, 21-10210. Waandike walichokiona kwa macho yao, si walichosikia kwako.

VA ikikubali, kipindi kile ulichoumia kinageuka kuwa utumishi unaokufanya veterani. Kwa hiyo nyinyi mnaoendelea na drili: ukianguka, ripoti siku hiyo hiyo, hata kama kikosi kizima kitakucheka.

Gavana alituita Walinzi wa Taifa, jeshi la akiba la jimbo, wakati wa kimbunga, siku 40. Zinaingia kwenye GI Bill, lile fao la masomo? (Georgia)

Kama amri ilikuwa ya jimbo, hata moja haiingii. Soma amri yenyewe imetaja sheria ipi. Ikitaja sheria ya shirikisho namba 10, siku zinahesabika. Ikitaja 32, inategemea kazi na aliyelipa. Isipotaja yoyote, ulikuwa mtu wa gavana. Isitoshe, GI Bill ya baada ya 9/11 inaanzia siku 90 kwa jumla, si lazima zifuatane, na hizo zinakupa asilimia 50 tu ya fao. Asilimia 100 inataka miezi 36.

Nimeshatoka jeshini. Nawezaje kumhamishia binti yangu GI Bill yangu?

Huwezi. Ombi hilo linafanywa ukiwa bado ndani. Nimeliandika mpaka kidole kimeota sugu.

Kuna jamaa kwenye kundi letu la WhatsApp anajaza madai ya VA kwa asilimia ya fidia. Ni halali?

Mkimbie. Sheria hairuhusu mtu kukutoza kwa kuandaa dai la kwanza. Wakili au wakala aliyeidhinishwa anaweza kudai ada pale tu VA imeshatoa uamuzi na wewe unaupinga. Fomu ya kuombea fidia, 21-526EZ, ni bure, na vyama vya maveterani vina watu walioidhinishwa wanaokusaidia bure. Jamaa akikwambia yeye ni mshauri tu, muulize namba yake ya idhini uone anavyoyeyuka.

Napokea fidia ya VA na bado nakwenda drili. Kuna tatizo?

Tatizo ni kunyamaza. Huwezi kulipwa na VA na jeshi kwa siku ile ile. Wikendi moja ina vipindi vinne vya drili, na kila kimoja kinahesabiwa siku nzima. Vipindi 48 na siku 15 za mafunzo, tayari ni siku 63. Barua yenye fomu 21-8951 ikija, chagua unachokiacha. Wengi wanaacha fidia ya siku hizo kwa kuwa malipo ya drili ni makubwa zaidi. Ukiitupa barua, utadaiwa mkupuo.

Nina miaka 20 ya akiba bila utumishi kamili. Nasikia kuna sheria inatuita maveterani.

Ipo, ya 2016. Inakupa heshima ya jina, na yenyewe inasema wazi kwamba haiongezi fao lolote. Chako hasa ni pensheni ya jeshi ukifika miaka 60, na haki ya kuzikwa kwenye makaburi ya taifa.

DD-214 yangu imepotea.

Iombe kwenye kituo cha kumbukumbu cha taifa, St. Louis. Ni bure. Kwa Walinzi wa Taifa, fomu yenu ni NGB-22, na jimbo mlilotumikia huwa nayo.