Nyayo za baba mlangoni: maswali na majibu

*Anti, nina miaka 34, naishi Igoma, Mwanza. Baba alikuwa mnywaji wa gongo, alishafariki. Mpaka leo mume wangu akirudi usiku nasikiliza nyayo zake kwanza. Na hanywi hata bia! Nina kasoro gani?*

Huna kasoro, mdogo wangu. Ulipewa lindo ukiwa mtoto, na hakuna aliyekuja kukuambia zamu imeisha. Mtoto wa mlevi husoma kila kitu: komeo limefunguliwaje, kikohozi kikoje. Baba akija anaimba, jifanye umelala. Akija kimya, toa wadogo zako nje. Mwili ukizoea hivyo miaka kumi hauachi kwa sababu tu umeolewa. Wengi wenu nyumba ikitulia ndipo mnaingiwa na wasiwasi, na kusema "sitaki" kunawashinda kabisa. Mimi nimekulia Kirumba, na sisinzii mpaka pikipiki ya mwisho izimwe uani, hata kama si ya kwetu. Msimulie mumeo haya, kisha umwombe jambo dogo: akifika mlangoni aite jina lako.

*Sijawahi kuonja pombe, naogopa kufanana na wazee wangu. Ulevi unarithiwa?*

Wepesi wa kunaswa na pombe unarithiwa. Watafiti huukadiria kuwa karibu nusu ya hatari yote. Lakini watoto wengi wa walevi hawawi walevi. Endelea kutoonja.

*Mama yetu yuko Sengerema, anakunywa kila siku tangu asubuhi. Kaka zangu wanataka kumfungia ndani wiki nzima aache.*

Wakataze leo hii. Mnywaji wa namna hiyo akikatishwa ghafla huanza kutetemeka, anaweza kupata degedege, na siku ya pili au ya tatu akachanganyikiwa. Wengine hufa. Aanze kuacha chini ya uangalizi wa daktari. Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, wana idara ya magonjwa ya akili, na kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kisingizio cha foleni ya kivuko hakipo tena.

*Nina miaka 15, nipo Buhongwa. Nikimwaga pombe ya baba ataacha?*

Hapana, mwanangu. Atanunua nyingine, na hasira atakushushia wewe. Hukumfundisha kunywa, na kumwachisha si kazi yako. Kazi yako ni kuwa salama. Vurugu zikianza piga 116, simu ya watoto, haina malipo. Na mchana huu, baba akiwa hajalewa, nenda kwa jirani unayemwamini umuulize kama unaweza kulala kwake siku mambo yakiharibika. Sare na madaftari viweke kwenye begi moja.