Kwa mnaoanza kuotesha nanaa na kivumbasi kwenye chupa

Anayeingia maabara ya tishu, yaani ya kuotesha mimea ndani ya chupa kutokana na vipande vidogo, kwa mara ya kwanza hapa Dodoma huhangaikia klorini ya kuulia vijidudu kwenye vipande hivyo: aongeze kipimo au aongeze dakika? Nami nilianzia hapo, nikaunguza vikonyo (vipande vya shina) vingi vya nanaa hadi vikawa vyeupe, kabla sijakubali kwamba bakteria walionishinda hawakuwa juu ya ngozi ya mmea bali ndani yake, ambako klorini haifiki.

Majani ya nanaa na kivumbasi yana vinyweleo vinavyoshika vumbi, na vumbi letu la kiangazi hubeba spora za basilasi, yaani mbegu ngumu za bakteria, ambazo hata alkoholi ya asilimia 70 haiziui. Kwa hiyo kazi ianzie kwenye mmea mama. Uwekeni katika kitalu kilichofunikwa wiki kadhaa kabla ya kukata, mwagilieni udongo bila kulowesha majani, kisha mchukue machipukizi machanga ya juu. Mkifanya hivyo, maji ya bomba yanayotiririka kwa nusu saa, alkoholi kwa sekunde 30, klorini ya asilimia 1 yenye tone la sabuni kwa dakika 10 na kusuuza mara tatu kwa maji yaliyosafishwa kwenye otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo), kwa kawaida hutosha.

Jifunzeni kutazama. Inueni chupa usawa wa macho, muielekeze dirishani, mtazame pale kikonyo kinapozama kwenye agari, yaani ute mgumu wa kuoteshea: utando mweupe kama maji ya mchele uliozunguka sehemu iliyokatwa mara nyingi ni bakteria waliotoka ndani ya mmea, ilhali doa lililo mbali na kikonyo huenda lilidondoka kutoka hewani au mkononi. Kuvu hujitokeza ndani ya siku chache. Bakteria wa ndani wanaweza kunyamaza hadi mmehamisha miche mara mbili au tatu, na wanapoonekana, kibano kimekwisha kuwasambaza katika chupa nyingine; ndiyo maana nasisitiza kitako cha kila kikonyo kipimwe kwenye agari ya kuoteshea bakteria kabla hamjazidisha miche.

Antibiotiki kama sefotaksimu huwadumaza bakteria, mara nyingi bila kuwamaliza, tena huharibika kwa joto, hivyo husafishwa kwa kuchujwa, kisha hutiwa kwenye agari iliyokwisha kupoa hadi nyuzi 50 hivi. Mimi huitumia tu pale mmea mama hauna mbadala.

Chupa iliyochafuka msiifungue ndani ya kabati la hewa safi tunamofanyia kazi. Ipitisheni kwanza kwenye otoklevu, nyuzi 121 kwa dakika 20, ndipo ioshwe.